Msokoto, koo na uzito: risasi ya greni 40, 55 au 77 kwa bunduki yako ya .223?

Paketi tatu ziko kwenye kaunta ya muuzaji, zote zimeandikwa .223 Remington. Moja ni ya greni 40, ya pili 55, ya tatu 77. Zote zitaingia kwenye chemba na zote zitafyatuka. Tofauti utaikuta kwenye karatasi ya shabaha. Bunduki inayopanga matundu matano mahali panapofunikwa na sarafu ya shilingi 20, kwa mita 100, itayatawanya kama mtama uliomwagika ikilishwa risasi isiyoifaa. Na kwa kuwa cheti chako cha silaha kinataja idadi ya risasi unazoruhusiwa kuwa nazo, kubahatisha paketi baada ya paketi ni hasara mara mbili.

Uzito unaotajwa hapa ni wa kichwa cha risasi peke yake, bila ganda wala baruti. Greni 15.4 ni gramu moja, kwa hiyo kichwa cha greni 55 ni gramu 3.6 hivi, na cha 77 ni gramu 5. Kipenyo chao ni kilekile, milimita 5.7. Anayeongezewa uzito bila kuongezewa unene huongezewa urefu, na hapo ndipo mambo yote yanapoanzia.

Neno kuhusu bunduki zenyewe. Zinazozungumziwa hapa zilibuniwa Marekani kwa ajili ya wanyama waharibifu wadogo kama kindi wa ardhini na koyoti: mtutu mzito, bolti ya kuvuta kwa mkono, darubini juu. Hapa kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku mwaka 1977. Nyani au nungunungu wakivamia shamba Njoro au Kakamega, wa kuitwa ni KWS, shirika la serikali la wanyamapori, si jirani mwenye bunduki. Kwa hiyo kila kinachosemwa hapa ni cha mlenga shabaha mwenye leseni, kwenye uwanja ulioidhinishwa, anayetumia risasi za kiwandani.

Mambo ya kupimia

*Msokoto.* Ndani ya mtutu kuna mifereji iliyojisokota ili kichwa kitoke kikizunguka kama pia. Pia iliyozungushwa kwa nguvu husimama wima, na iliyozungushwa kivivu huyumba kisha ikaanguka. Msokoto wa 1:14 maana yake kichwa hukamilisha mzunguko mmoja katika inchi 14 (milimita 356). Huo umelegea. Ule wa 1:7 (milimita 178) umekaza. Katikati kuna 1:12, 1:9 na 1:8.

*Urefu wa kichwa.* Msokoto haujui uzito, unajua urefu. Mfano mzuri ni kichwa cha kijeshi cha greni 62 chenye ncha ya chuma ndani: kina urefu wa milimita 23 hivi, sawa na cha mashindano cha greni 69, kwa sababu chuma ni chepesi kuliko risasi ya madini. Vichwa vya shaba tupu navyo ni virefu kuliko vyenye risasi ndani vya uzito uleule, kwa hiyo vihesabu kama vya ngazi moja juu. Ncha ya plastiki nayo huongeza urefu, ila huhesabiwa pungufu kuliko sehemu ya chuma kwa kuwa ni nyepesi.

*Koo.* Kati ya mdomo wa ganda na mahali mifereji inapoanza kuna kipande cha mtutu kisicho na mifereji. Hilo ndilo koo. Kichwa huruka hapo kabla ya kushikwa na mifereji. Chemba ya .223 ya kiraia ina koo fupi, mwanya ulionyooka wa milimita 0.6 hivi. Ya 5.56 ya kijeshi ina 1.5 hivi. Ukitia risasi ya 5.56 kwenye chemba ya .223, kichwa kinaweza kugusa mifereji kabla hakijapata kasi, na shinikizo likapanda kupita kiasi. Soma maandishi yaliyochongwa kwenye mtutu kabla ya kununua chochote, na usikubali maneno ya "ni zilezile".

*Hewa.* Hewa nzito humyumbisha kichwa zaidi, hewa nyepesi humwachia. Nakuru iko mita 1,850 juu ya usawa wa bahari, Kisumu iko 1,130 hivi. Hili huku kwetu lina uzito kuliko wengi wanavyodhani, na jedwali hapa chini litaonyesha.

*Umbali na upepo.* Mita 100 asubuhi ni jambo moja. Mita 300 saa tisa alasiri, upepo wa ziwa ukiwa umeamka Kisumu, ni jambo jingine kabisa.

Pima mtutu wako kwanza

Mara nyingi msokoto umechongwa karibu na chemba, kama "1-9" au "1:9". Usipouona, upime. Hakikisha bunduki haina risasi, toa bolti, kisha tia ufito wa kusafishia wenye mpini unaozunguka wenyewe. Funga kitambaa cha kubana vizuri kwenye ncha. Sukuma mpaka kitambaa kishike mifereji, halafu piga alama ya kalamu juu ya ufito, na alama nyingine pale unapoingilia mtutu. Vuta taratibu. Alama ya juu itazunguka na kurudi juu. Hapo simama, piga alama ya pili pale ufito unapoingilia, na upime umbali wa alama hizo mbili. Milimita 305 ni 1:12, milimita 229 ni 1:9, milimita 203 ni 1:8. Rudia mara tatu. Kitambaa kikilegea kitateleza juu ya mifereji, nawe utapata kipimo kirefu kuliko ukweli, useme mtutu ni 1:10 kumbe ni 1:9. Vipimo vitatu vikitofautiana kwa zaidi ya milimita 10, badilisha kitambaa.

Koo hupimwa na fundi wa bunduki mwenye leseni kwa vifaa vyake. Mwombe pia apitishe kamera nyembamba. Koo lililoungua huonekana lina nyufu ndogondogo kama tope la dimbwi lililokauka, na mwanzo wa mifereji unakuwa umesogea mbele, kuelekea mdomo wa mtutu. Kinacholiunguza zaidi si umri bali mfululizo: risasi kumi kwa dakika mbili juu ya mtutu ambao tayari umeshindwa kushikika kwa mkono.

Hesabu ya uthabiti

Alfred George Greenhill wa Uingereza alitoa kanuni ya kwanza inayotumika mpaka leo, mwaka 1879. Wengi sasa hutumia ile ya Don Miller, inayotoa namba moja ya uthabiti. Chini ya 1.0 kichwa kinapinduka. Kati ya 1.0 na 1.4 kinaruka lakini kinayumba. Kuanzia 1.4 kwenda juu kimetulia. Zifuatazo ni hesabu za vichwa vitatu vya kawaida: cha 55 chenye urefu wa milimita 18.8, cha 69 cha milimita 22.9 na cha 77 cha milimita 25.2. Joto limewekwa nyuzi 30 Mombasa, 28 Kisumu na 22 Nakuru.

| Kichwa na msokoto | Mombasa | Kisumu | Nakuru |
|---|---|---|---|
| 55, 1:14 | 1.0 | 1.2 | 1.3 |
| 55, 1:12 | 1.4 | 1.6 | 1.7 |
| 69, 1:12 | 1.0 | 1.1 | 1.2 |
| 69, 1:9 | 1.8 | 2.0 | 2.2 |
| 77, 1:12 | 0.8 | 0.9 | 1.0 |
| 77, 1:9 | 1.5 | 1.7 | 1.8 |

Tazama mstari wa kwanza. Jeshi la Marekani lilikutana nao mwanzoni mwa miaka ya 1960: bunduki zake za kwanza za AR-15 zilikuwa na 1:14, na kichwa cha greni 55 kikawa kinayumba kwenye hewa nzito ya baridi, ndipo msokoto ukakazwa kuwa 1:12. Mtu wa Nakuru mwenye 1:14 anaweza kupiga 55 mwaka mzima akaridhika, kisha akaenda kwenye mashindano ya pwani akashangaa bunduki imeingiwa na nini. Haijaingiwa na kitu. Hewa nyepesi ya Bonde la Ufa ilikuwa inamsitiri.

Kasi nayo haiokoi msokoto uliolegea. Ukiongeza kasi kwa asilimia 20, namba ya uthabiti hupanda kwa asilimia 6 tu. Ndiyo maana .22-250, yenye baruti nyingi kuliko .223, ikiwa na mtutu wa 1:14 bado haitaki vichwa virefu.

Greni 40 hadi 50

Msokoto: 1:14 na 1:12 ndiyo makao yake. Kwenye 1:9 mara nyingi hupiga vizuri pia. Tatizo huanzia kwenye 1:7. Kichwa cha greni 40 kikitoka kwa kasi ya mita 1,100 kwa sekunde kwenye 1:12, huzunguka mara 216,000 kwa dakika. Kwenye 1:7 huzunguka mara 370,000. Vichwa vingi vya uzito huu vina ngozi nyembamba sana ya shaba, kwa kuwa viliundwa vipasuke vikigusa kitu. Ngozi hiyo ikikatwa na mifereji kisha ikazungushwa namna hiyo, huchanika hewani.

Koo: vinataka koo fupi. Kwenye koo refu la 5.56, au lililoungua, kichwa kifupi hutoka kabisa kwenye shingo ya ganda kabla ya kushikwa na mifereji. Kwa muda mfupi hakuna kinachokishika, kikaingia kimelala upande kidogo. Kundi la matundu linapanuka, na hakuna darubini itakayolirekebisha.

Hewani: mpaka mita 200 vinapita vimenyooka kuliko vyote. Baada ya hapo vinapoteza kasi haraka na upepo unavibeba.

Kinachoharibika: ukikosa tundu moja kati ya matano, usikimbilie kujilaumu mkono. Angalia karatasi kama ina madoa ya kijivu kama vumbi la penseli. Hayo ni mabaki ya kichwa kilichochanika. Acha aina hiyo ya risasi mara moja.

Vinamfaa: mwenye bunduki ya zamani ya 1:14 yenye koo zima, anayepiga mita 100 hadi 200 asubuhi kabla ya upepo.

Greni 52 hadi 62

Hapa uwanja ni mpana. 1:12 hushika 52 hadi 55 bila shida, na 1:9 hushika zote. Wanaochanganyikiwa ni wale wanaosoma "62" wakadhani ni hatua ndogo tu kutoka 55. Kama tulivyoona, 62 nyingine ni ndefu sawasawa na 69, na mtutu wa 1:12 hauziwezi. Uliza urefu wa kichwa. Muuzaji asipojua, angalia tovuti ya kiwanda. Urefu wa kichwa chenyewe hauonekani ukiwa ndani ya ganda.

Kwa upande wa koo, kundi hili ndilo lenye uvumilivu. 55 hukubali koo fupi la .223 na hukubali la 5.56, ingawa kwenye la pili huruka zaidi ya milimita moja kabla ya kushika mifereji. Risasi za mazoezi za bei nafuu nyingi ni 55 zilizofunikwa shaba yote. Hizo hazitengenezwi kwa usahihi wa mashindano. Kundi la milimita 50 hadi 70 kwa mita 100 ni kawaida yake, na mtutu hauna kosa. Usihukumu bunduki kwa risasi za mazoezi. Tafuta 52 au 53 za mashindano zenye kitako bapa, ndipo utajua mtutu wako unaweza nini.

Hewani ziko katikati: mita 200 vizuri, mita 300 kwa anayejua kusoma upepo.

Zinamfaa: mwenye 1:12, mwenye 1:9 anayefanya mazoezi mengi, na yeyote ambaye bado hajaujua mtutu wake.

Greni 68 hadi 77

Msokoto: 1:9 kwa 68 na 69, 1:8 au 1:7 kwa 75 na 77. Jedwali linasema 1:9 huitosha 77 Nakuru, na ni kweli kwa kichwa cha milimita 25.2. Lakini vipo vichwa vya 75 vyenye pua ndefu inayokaribia milimita 28, na hivyo vinataka 1:8 popote ulipo. Kwenye 1:12 usijaribu 77 hata Nakuru. Namba ni 1.0, kichwa kitafika kwenye karatasi kikiwa upande, au kisifike kabisa.

Koo: hapa faida inageuka. Kichwa kirefu huziba sehemu kubwa ya koo refu, kwa hiyo huruka kidogo na kuingia kimenyooka. Chemba za mtindo wa Wylde, yaani za .223 zenye koo refu, zilibuniwa kwa ajili hii. Kwenye koo fupi la .223, risasi za kiwandani zenye urefu usiozidi milimita 57.4, yaani kipimo cha juu cha .223, kwa kawaida zinaingia, lakini pua nene inaweza kugusa. Dalili ni bolti kufunga kwa uzito wakati wa mwisho. Ukiwa uwanjani, mtutu ukielekea kwenye tuta, itoe risasi hiyo bila kuipiga, uitazame: mikwaruzo midogo inayong'aa, iliyopangika kwa nafasi sawa kuzunguka pua, ni alama za mifereji. Usiipige. Na ikitokea ganda likatoka peke yake na baruti ikamwagika, kichwa kimebaki kooni. Hapo kazi ya siku imekwisha. Bunduki iende kwa fundi. Ukitia risasi nyingine nyuma ya kichwa hicho, mtutu unaweza kupasuka mbele ya uso wako.

Hewani ndipo zinapolipa. Kwa mita 300, upepo uleule unaisukuma 77 pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na 55, ijapokuwa 77 hutoka polepole. Huanguka zaidi, ndiyo, lakini kuanguka kunajulikana na kunarekebishwa kwa mibofyo ya darubini. Upepo haujulikani mpaka umeshapita.

Zinamfaa: mwenye 1:9 hadi 1:7 anayepiga mita 300 na zaidi, hasa alasiri. Si za mazoezi ya kila wiki, kwa bei na kwa mtutu.

Paketi moja ya risasi 20 inatosha kujua

Tia karatasi nyeupe ngumu mita 25, upige risasi mbili za kuupasha mtutu na tatu za kutazama matundu. Tundu liwe duara safi. Likiwa refu kama tundu la funguo, kichwa kimefika upande. Simama hapo, usiende mita 100. Likiwa duara lenye kingo mbili upande mmoja, kinayumba. Matundu yakiwa safi, sogeza mita 100 upige makundi matatu ya tano-tano, ukiacha mtutu upoe mpaka uweze kuushika kwa kiganja bila kuuachia. Pima katikati ya tundu la mbali mpaka katikati ya jingine. Milimita 29 kwa mita 100 ni kundi zuri sana kwa risasi ya kiwandani. Chukua wastani wa makundi yote matatu. Ukichagua bora uliache baya, unajidanganya.

Kwa hali yako

Una 1:14 na koo zima: 40 hadi 50. Ukiwa Nakuru 55 zenye kitako bapa zitapiga, lakini usizibebe pwani.

Una 1:12: 52 hadi 55 ndiyo nyumbani kwake. 69 zitayumba hata kwenye miinuko ya Molo.

Una 1:9 na unapiga mita 100 hadi 200: 55 za mazoezi, 69 siku ya mashindano. Huu ndio msokoto wenye nafasi kubwa ya kuchagua, na kama hujanunua bunduki bado, uufikirie kwa makini kabla ya mwingine.

Una 1:9 na unashindana Nakuru na Mombasa vilevile: baki na 69. Namba yake haishuki chini ya 1.8 kokote.

Una 1:8 au 1:7, uwanja wako uko Kisumu na unapiga alasiri: 75 au 77. Epuka 40 za ngozi nyembamba.

Una koo lililoungua kidogo na msokoto wa 1:9: jaribu 69 kabla ya kukata tamaa, kwa kuwa kichwa kirefu huziba pengo ambalo 50 haiwezi kuliziba. Kundi likibaki juu ya milimita 60 kwa mita 100 kwa aina mbili tofauti za risasi za mashindano, pesa ya paketi ya tatu iwekee mtutu mpya.

Umenunua bunduki iliyotumika, haina alama yoyote kwenye mtutu: ufito na kitambaa kwanza, fundi aangalie chemba na koo, kisha paketi moja tu ya 55.